Ratiba ya Kuaga Pesa

Baba mdogo alikuwa mshereheshaji. Harusi, misiba, mahafali, uzinduzi wa maduka, kote huko yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na mtaa mzima ulimwita Kipaza, hata watoto ambao walipaswa kumwamkia kwanza. Sauti yake ilikuwa nene, imekaa vizuri kifuani. Akiomba chumvi mezani, ulijikuta umesimama kana kwamba umeitwa kupokea cheti.

Pesa aliipata, tusimsingizie. Kila Jumamosi alirudi na bahasha iliyonona. Lakini ikifika Jumanne, mke wake, Mama mdogo, alikuwa ameshatumwa na njaa kwa jirani kuazima unga. Katikati ya siku hizo kitu kilikuwa kimeingia nyumbani: mashine ya umeme ya kukanda nyayo, viatu vyeupe visivyothubutu kukanyaga mtaa wetu wenye vumbi, au jenereta ya pili ya kuisaidia ya kwanza, ambayo nayo ilikuwa mbovu.

"Kazi yangu ni kuonekana," alijitetea. "Mshereheshaji mchakavu, sherehe chakavu."

"Na sufuria tupu?" Mama mdogo aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake. Alishona sare za shule barazani, na alizoea kuuliza maswali akiwa na pini mdomoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, natafuta kazi, nalala sebuleni kwao katikati ya spika mbili kubwa kama makabati. Nilikuwa na maoni mengi kuhusu uchumi wa dunia na sikuwa na nauli. Kwa hiyo niliyaona yote haya kwa karibu, bila gharama.

Nyumba ile walipanga kwa miaka kumi na saba. Ilikuwa na vyumba vitatu, baraza, ua wa saruji uliopasuka, na chumba cha uani alimokaa mwenye nyumba, ajuza mmoja mchangamfu ambaye kila mtu alimwita Mama Kodi. Siku moja Mama Kodi alikuja barazani, akaketi, akaweka fimbo yake magotini.

"Wanangu," alisema, "nahamia kwa kifungua mimba wangu. Nyumba naiuza. Nyie ndio wa kwanza kuambiwa. Mkiniletea theluthi ya bei kabla mwaka haujaisha, iliyobaki mtalipa polepole. Mkishindwa, muuza vipuri ananisubiri. Yule haji na maneno, anakuja na begi."

"Na sisi?" aliuliza Mama mdogo.

"Nyie atawaondoa. Anataka kuweka magurudumu humu."

Cherehani ilisimama. Baba mdogo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mtoto wake mkubwa ameshaoa, mdogo, binti tuliyemwita Kitinda, bado yuko sekondari, na akiba yake yote ilikuwa jenereta mbili zisizowaka. Tangu siku ile swali la nyumba ile lilikuwa moja tu: tutapata pa kuishi, au tutapisha magurudumu?

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka kwenye msiba wa mzee fulani ambaye, kwa maelezo yake, hakuwahi kufanya kazi siku mbili mfululizo, lakini aliagwa kwa saa tatu na watu wakalia mpaka wakapaliwa. Aliingia sebuleni na suti yake nyeusi, akatoa noti moja kwenye bahasha, akaitandaza mezani.

"Tazameni," alisema. "Mtu akisafiri anaagwa. Akistaafu anaagwa. Akifa, ndiyo usiseme. Noti hii inatutumikia kuliko yule marehemu alivyomtumikia mkewe, na kesho itatoka humu ndani kama mwizi, hakuna hata wa kuiambia safari njema! Kuanzia leo, hakuna pesa itakayotoka katika nyumba hii bila kuagwa."

"Umekula huko?" aliuliza Mama mdogo.

"Nimekula. Sizungumzi kwa njaa, nazungumza kwa uchungu."

Akaweka utaratibu palepale. Pesa ya matumizi yoyote, iwe ya sabuni au ya karo, ingelazwa juu ya kitambaa cheupe. Yeye angesoma wasifu wake. Kisha lingefuata pingamizi: mtu mmoja angesimama kukisema vibaya kile kinachotaka kununuliwa, na mtu huyo lazima awe yuleyule anayekitaka. Halafu kimya kidogo cha heshima, halafu kura ya mikono. Pingamizi likishinda, pesa inarudi kwenye kopo la maziwa juu ya kabati.

"Kwa nini apinge anayekitaka?" aliuliza Kitinda. "Si apinge asiyekitaka?"

"Asiyekitaka hakijui," Baba mdogo alijibu. "Na anayekitaka, ukimwacha asifu, chongo ataita kengeza. Mimi nimesikia watu wakisifiwa miaka ishirini na nne, mwanangu. Sifa hazijawahi kumwambia mtu kitu."

Pesa ya kwanza kuagwa ilikuwa ya balbu ya chooni. Aliwasha spika zote mbili. Tulikuwa watu watatu tumekaa umbali wa hatua moja kutoka kwake, na vioo vya dirisha vilitetemeka.

"Mabibi na mabwana! Mpendwa wetu huyu alizaliwa Jumamosi iliyopita, katika harusi ya binti wa mwalimu mkuu, ambapo bwana harusi alizimia kabla ya keki. Mpendwa alivumilia. Alikaa mfukoni mwangu katika jasho na joto. Hakulalamika. Hakuomba nyongeza. Sasa namwita mpinzani."

Mama mdogo alisimama, akaangalia huku na huku kama mtu aliyesukumwa jukwaani.

"Mimi ndiye ninayetaka balbu," alisema. "Lakini kusema kweli… choo chenyewe tunakijua. Hakuna aliyewahi kupotea mle."

Tukapiga kura. Balbu ikaanguka. Kwa wiki mbili tulitumia choo chenye giza na ikawa lazima kuimba ukiwa ndani ili mwingine asiingie. Baba mdogo hakuimba. Yeye alijitangaza: "Ndani yupo mkuu wa kaya! Tunaomba subira!" Mama Kodi kule uani akawa anaitikia "Tumekusikia!" kila mara.

Kitinda alijaribu ujanja. Alitaka viatu vya michezo, akasimama kupinga huku akitabasamu: "Viatu hivi ni vibaya kwa sababu vinamfanya mtu akimbie haraka sana, ashinde, halafu wenzake wamwonee wivu."

"Pingamizi limefutwa!" Baba mdogo alinguruma. "Umepinga kwa meno yote nje. Rudia."

Binti akarudia. Safari hii alikasirika, na katika hasira akasema kwamba viatu alivyokuwa navyo vilikuwa vizima, ila rafiki zake walikuwa wamenunua vya rangi ya chungwa. Aliposikia maneno yale yakitoka kwenye spika zote mbili kwa sauti yake mwenyewe, alikaa chini, akainua mkono dhidi ya viatu vyake. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi, kwa sababu nilikuwa na shati moja la mahojiano ya kazi ambalo sikulihitaji na ambalo nilikuwa napanga kuliomba wiki ileile.

Lakini aliyeumia zaidi ni Kipaza mwenyewe. Aliona koti. Lilikuwa na kola inayometameta, rangi ya zambarau, limening'inia kwenye duka la mtu anayejua mateso ya watu. Alilizungumzia siku tatu. Mwishowe akaweka pesa kwenye kitambaa, akasoma wasifu, akajiita mwenyewe kwa heshima zote, akasogea hatua moja pembeni ili awe mpinzani, na akaanza.

Ole wake, alikuwa fundi wa maneno. Alianza kwa utani, akaendelea kwa takwimu za makoti yaliyoko kabatini, akapanda. Alieleza jinsi mtu mzima anavyojificha ndani ya kola kama kobe. Aliuliza, "Huyu mtu anamwogopa nani?" Akaeleza kwamba bi harusi hatazami koti la mshereheshaji, anatazama saa. Mama mdogo alilengwalengwa na machozi. Alipomaliza tulisimama tukapiga makofi, na Mama Kodi, aliyekuwa amekuja kusikiliza kutoka uani, akapiga fimbo sakafuni. Kura zote zikaenda kwa mpinzani, pamoja na yake. Akarudi upande wa mshereheshaji, akatangaza matokeo, akajipongeza, akaenda kujilaza, akalililia koti lake mchana kutwa.

"Mwacheni," alisema Mama mdogo. "Amefiwa."

Utaratibu ulijulikana mtaani siku bomba lilipopasuka. Fundi bomba aliitwa, akafika na mkoba wake, akatazama ukuta wa jikoni unaotema maji, akataja bei. Maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Baba mdogo akasema, "Sawa kabisa, fundi. Karibu uketi."

"Niketi wapi, mzee? Viti vinaelea."

"Ratiba ni fupi."

"Mzee, funga kwanza haya maji!"

"Pesa yako haijaagwa, fundi. Wewe ungependa kupokea pesa iliyotoka kwa watu bila hiari?"

Fundi bomba alitutazama mmoja mmoja, akitafuta mtu mwenye akili. Nilitazama dari. Wasifu ukasomwa. Kwa kuwa sote tulitaka bomba litengenezwe, ilibidi mmoja achaguliwe kupinga, na zamu ikaniangukia mimi. Nikasema kwamba maji ni haki ya binadamu na kwa mara ya kwanza tunayapata kwa wingi. Sandali ya Kitinda ilipita mbele yangu ikielekea mlangoni. Kimya cha heshima kilipofika, kilichosikika ni maji tu, na katikati ya kimya kile fundi bomba alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Pingamizi langu lilishindwa, bomba likazibwa, na kabla ya kuondoka fundi akauliza, "Mzee, lini tena mna shughuli? Nimlete mke wangu."

Akamleta. Mke wake akamleta dada yake. Baada ya mwezi, Jumapili alasiri barazani kwetu pakawa na watu ambao hatuwajui, wamekuja kuona mafuta ya kupikia yakiagwa. Wengine walilia kwenye wasifu. Mwanamke mmoja aliuliza kama anaweza kuleta pesa ya kwake iagwe, kwa sababu mumewe anataka kununua televisheni kubwa kuliko ukuta. Iliagwa. Mume alipinga televisheni yake mwenyewe kwa dakika chache za kigugumizi, kisha akasema, "Jamani, kumbe ni ya kumwonyesha shemeji yangu," akaondoka na pesa yake mkononi kama mtu aliyeokota mtoto barabarani.

Hapa niseme neno langu. Tumefundishwa kuogopa njaa, na ni sawa. Lakini hakuna aliyetufundisha kuyaogopa macho ya jirani, na macho ya jirani yamefilisi watu wengi mtaani kwetu kuliko njaa. Watu wazima, wenye mvi, wanakopa ili waonekane hawakopi! Pale barazani, kwa mara ya kwanza, niliona watu wakisimama mbele ya macho hayohayo na kusema ukweli kuhusu jambo ambalo hata kitandani hawalisemi: ninataka hiki, na sababu yangu ni ya kijinga. Ningependa mabunge yaendeshwe hivyo. Anayetaka gari la serikali asimame alipinge.

Ikaja hatari ya chai. Wageni wakizidi, adabu inadai chai. Chai inadai pesa, na pesa lazima iagwe. Basi ukaitishwa mkutano wa kuaga pesa ya chai, nao ukahudhuriwa na watu wengi zaidi, ambao nao walikaa wakitazama mlango wa jikoni. Baba mdogo akaanza kupanga mkutano wa kuaga pesa ya chai ya mkutano wa chai. Mama mdogo akainuka kwenye cherehani, akamnyang'anya kipaza sauti, na hicho ndicho kilikuwa kikao kifupi kuliko vyote:

"Anayetaka chai aje ameshakunywa kwao."

Kopo la maziwa likajaa. Likanunuliwa, baada ya mjadala mkali, kopo la pili. Jenereta zote mbili ziliuzwa, na mashine ya kukanda nyayo ikaenda kwa mtu mwenye nyayo za uhakika. Balbu ilipita katika jaribio la tatu. Mwaka ulipokaribia kwisha, Baba mdogo aliketi na Mama mdogo chumbani, wakajumlisha, wakatoka. Theluthi ilikuwa imetimia. Siku ile Kipaza alitembea mtaa mzima akisalimia mpaka mbuzi.

Shughuli ya kuaga pesa ya nyumba ilipangwa Jumapili. Ua ulifagiliwa. Watu walikuja na viti vyao na chai tumboni. Mama Kodi alikaa mbele kama mgeni rasmi, amevaa kitenge kipya. Muuza vipuri naye alikuja, akasimama karibu na lango kubwa la chuma na begi lake kwapani, maana mwenye tamaa hakosi kikao.

Pesa ililazwa kwenye kitambaa. Wasifu ulichukua muda mrefu, kwani ulikuwa wasifu wa mwaka mzima: harusi, misiba, sare za shule, koti lisilonunuliwa. Kisha Baba mdogo akauliza, "Nani anayeitaka nyumba hii kuliko wote?"

"Wewe," alisema Mama mdogo kutoka kiti cha pili.

Watu wakacheka.

"Mimi ni mshereheshaji tu! Nani amesema kwa miaka kumi na saba, 'Ningekuwa na kwangu, ningepiga msumari ukutani bila kuomba ruhusa'?"

"Ni mimi. Lakini leo mpe mwingine apinge. Nakuomba."

"Hapana, hapana! Mabibi na mabwana, mwenye hamu kuliko wote, mpinzani wetu wa leo, mke wangu! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Mama mdogo akasimama, akachomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kanga. Akachukua kipaza sauti.

"Nyumba hii ina ufa kuanzia jikoni mpaka chumbani," alianza. "Mjusi mmoja anaingilia kwa mume wangu anatokea kwa binti yangu."

Kicheko. Mama Kodi akainua fimbo. "Ufa ule mliukuta!"

"Tuliukuta, mama, ukiwa mdogo. Tumeulea."

Watu wakagonga viti. Baba mdogo alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka, anatuonyesha kwa kidole: mnamwona, mnamwona!

"Paa linavuja mahali ambapo hupajui mpaka ulale. Mvua ikinyesha, ua unakuwa bwawa. Hayo yote yanavumilika. Ninachopinga mimi ni hizi theluthi mbili zilizobaki. Tutazilipa miaka kumi na miwili. Mume wangu ana hamsini na mitatu. Jumapili asubuhi, baada ya kazi ya Jumamosi, hana sauti kabisa. Mimi ndiye ninayejua, kwa sababu anaomba maji ya moto kwa ishara. Akifika sitini na mitano atakuwa anamtangaza bi harusi kwa kengele."

"Makofi kwake!" alipaza sauti Baba mdogo. "Huyo ndiye mpinzani!"

Makofi. Mama mdogo alisubiri yaishe.

"Sijamaliza. Nyumba hii siitaki."

"Ameua!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Siitaki kweli," alisema. Akatazama kipaza sauti kama kitu kilichomzibia njia. "Mume wangu, zima hii mashine."

Fundi bomba ndiye aliyekuwa karibu na swichi. Spika zikalia kidogo, zikakata. Kwa mara ya kwanza tangu utaratibu ule uanze, watu pale walilazimika kuinama mbele ili wasikie.

"Nimeona nyingine," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Nyuma ya machimbo ya kokoto. Mwashi mmoja aliijenga, sasa anaiuza. Vyumba viwili. Pesa hii iliyolala hapa inaitosha yote, na inabaki ya kuhamia. Hakuna theluthi. Ukiugua, hakuna mtu atakayetugongea mlango. Nimekwenda huko mara nne. Nilikuwa nasema naenda kununua vifungo."

Baba mdogo aliweka karatasi ya ratiba chini. Hakuna kanuni iliyomruhusu mshereheshaji kujibu, naye ndiye aliyeiweka kanuni. Alisogea mbele ya meza hata hivyo.

"Vyumba viwili," alisema.

"Viwili."

"Spika zangu zitakaa wapi?"

"Zikae kwa anayezikodi."

"Ina geti?"

"Haina."

"Mke wangu!" Sauti ilimpasuka. "Miaka yote nawaita watu waheshimiwa. Nawapokea kwenye magari, nawakalisha mbele. Halafu wakiniuliza Kipaza unakaa wapi, niseme nyuma ya machimbo? Mahali pasipo geti? Watasema nini?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mtu pale alikuwa amewahi kuuliza swali hilo, ila si kwa sauti.

"Watasema unakaa nyuma ya machimbo," Mama mdogo alijibu. "Halafu wataendelea kula."

Akakaa chini. Kitinda alimshika mkono. Muuza vipuri alilisogelea lango na kulipapasa bawaba, taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake.

Ilibidi kura ipigwe. Bila spika, Baba mdogo aliuliza nani anaunga mkono pingamizi. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Kodi.

"Mama!" alisema Baba mdogo. "Wewe ndiye muuzaji!"

"Si umesema anayetaka aseme ukweli? Mimi nataka kuuza, mwanangu, lakini hata mimi nisingeinunua. Mpe huyo wa magurudumu. Magurudumu hayaoni ufa."

Mikono ikapanda, wa Kitinda, wangu, wa fundi bomba ambaye hakuwa na haki ya kupiga kura lakini aliinua miwili. Baba mdogo alisimama katikati ya mikono yote ile kama mtu aliyesimama shambani mahindi yakiwa yamempita urefu. Akakunja kitambaa cheupe na pesa ndani yake. Kisha, bila kutangaza lolote, akainua wa kwake.

Tulikwenda nyuma ya machimbo siku iliyofuata, sisi wanne kwa miguu, vumbi la kokoto likitupaka unga mpaka kope. Njiani Baba mdogo hakusema neno, na Mama mdogo alimtazama mara kwa mara kwa wasiwasi, kama unavyotazama redio iliyozimika ghafla. Tulipokata kona, tukaiona. Ilikuwa ndogo kweli. Ilikuwa imenyooka kweli pia.

Mbele yake kulikuwa na viti vimepangwa mistari mitatu.

Vilikuwa vimejaa. Mwashi, mke wake, wakwe, mashemeji, na wachonga kokoto waliokuja na nyundo zao. Mwashi mwenyewe alikuwa amevaa suti ya kuazima yenye mikono mifupi. Mbele palikuwa na meza na juu yake kitambaa cheupe.

"Karibuni, karibuni wakubwa," alisema, akipangusa jasho. "Tumesikia habari zenu. Tunajua kwenu hakitoki kitu mpaka kisemwe vibaya. Sasa mimi nikawaza, ninayetaka sana biashara hii ni nani? Ni mimi. Basi nimejiandaa."

Baba mdogo alifungua mdomo. Mama mdogo akamvuta koti, akamkalisha kwenye kiti cha mbele kilichokuwa wazi, kiti cha wageni. Sidhani kama aliwahi kukaa upande ule katika maisha yake. Alishika magoti yake, hajui mikono aiweke wapi.

Mwashi akakohoa. "Nyumba hii," alisema, "mvua ikinyesha, mlango wa chumba cha pili unavimba, mpaka uusukume kwa bega. Ukuta wa mashariki niliujenga nikiwa nimegombana na mke wangu, ukitazama vizuri utaona." Mke wake akaitikia kwa kichwa. "Machimbo wakilipua, vikombe vinatembea mezani. Na kisima…"

Akamtazama mke wake. Mke wake akatazama chini.

"Kisima ni kizuri," alisema mwashi.

"Pingamizi limefutwa!" Ilikuwa sauti ya Baba mdogo, kutoka kwenye viti, bila mashine yoyote, na wachonga kokoto wawili walisimama wakidhani ni mlipuko. "Kiambie kile kisima ukweli wake, ndugu yangu! Usikitetee!"

"Kinakauka," alisema mwashi kwa unyonge. "Miezi ya jua kali, kinakauka kabisa. Mnachota kwa jirani."

Watu wakanung'unika. Baba mdogo alianza kupiga makofi, polepole, kisha kwa nguvu, amegeuka nyuma akiwahimiza wengine, uso wake umejaa vumbi na furaha ya mtu aliyekuta wa kabila la kazi yake ugenini. Wakapiga wote.

Mama mdogo alisubiri makofi yatulie. Alikuwa ameshachomoa pini kwenye kanga na kuirudisha mdomoni.

"Sawa," alisema. "Nyumba tunaichukua. Bei ya kisima tuitoe, tuongee iliyobaki."

"Kisima chote?" mwashi alilalamika.

"Miezi ya jua tu," alisema Mama mdogo, na akasogeza kiti chake karibu na meza.